Nyanya laini za Ilala

Saa kumi na nusu alfajiri soko la Ilala linanuka nyanya na moshi wa dizeli. Malori kutoka Ilula, mkoani Iringa, yamekwisha kuegeshwa, wapagazi wanashusha matenga huku wakipiga kelele za kuomba njia, na asiyejua pa kusimama anapigwa vikumbo mara tatu kabla hajajua kosa lake. Vijana watatu niliokuja nao walijibanza pembeni kama watu waliokosea msiba. Mmoja alikuwa ameikumbatia laptopu kifuani. Nilimwambia jana yake aiache nyumbani, akaitikia, kisha akaja nayo.

Walikuwa wamenifuata wiki tatu kabla wakiwa na programu ya simu iliyofika nusu. Jina lilikuwapo, nembo ilikuwapo, fulana zilishachapishwa. Kazi ya programu ilikuwa kumuunganisha mama lishe na mkulima wa nyanya moja kwa moja, dalali arukwe. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya nyanya nyekundu, ngumu, yenye matone ya maji juu yake. Nadhani waliiokota intaneti, maana nyanya ya namna ile sijawahi kuiona Ilala.

Nikawaomba kitu kimoja tu: tumfuate mama lishe mmoja kutwa nzima, tangu anaponunua mpaka anapoosha sufuria ya mwisho, na programu isitajwe hata kwa bahati mbaya. Walikubali kama mtoto anavyokubali mwarobaini.

Mama tuliyemfuata anapika Buguruni, ubavuni mwa jengo la ghorofa linaloendelea kujengwa. Alipita meza tatu za nyanya nzuri bila kugeuza shingo, akaenda kwa muuzaji aliyekaa chini kabisa, nyuma ya wengine, akainamia ndoo ya nyanya laini, zile zilizoiva mpaka zikaanza kulegea na nyingine kupasuka. Akazibonyeza chache kwa kidole gumba, akaichukua ndoo yote. Hela hakutoa. Muuzaji alichomoa daftari la shule chini ya khanga, akaandika alichoandika, wakaagana.

Mwenye laptopu akaninong'oneza: "Mwalimu, anauziwa mbovu huyu."

Mama alimsikia. "Mbovu kwako wewe mwanangu unayekata kachumbari. Mimi naunga rosti. Hizi zinaiva upesi, mkaa wangu unabaki."

Maneno hayo yalizika kurasa nne za programu yao. Picha za bidhaa, madaraja ya ubora, bei kwa kilo, malipo ya papo kwa papo: vyote vilimtumikia mnunuzi ambaye siku ile hakuwapo sokoni. Aliyekuwapo alinunua kwa ndoo, alitaka nyanya iliyolegea, na hakulipa. Ukitazama vizuri, kitu alichonunua kilikuwa mkopo wa kutwa moja ambao ndani yake mna nyanya.

Kazi yangu ya mwisho wa wiki, kwa miaka kadhaa sasa, ni hii ya kulea kampuni changa. Wanaoniuliza ninafundisha nini nawapa jibu rasmi, "fikra za usanifu", nao hudhani nachora ramani za nyumba. Jina limetoka mbali. Mwaka 1969 Herbert Simon, mchumi wa Marekani ambaye miaka tisa baadaye alipata Tuzo ya Nobel, aliandika kitabu kilichoutazama usanifu kama namna ya kufikiri, ambayo daktari na mfanyabiashara wanaitumia sawasawa na mhandisi. Mwaka 1991 ikazaliwa IDEO huko California, kampuni ya David Kelley na wenzake, na mwaka 2004 Kelley huyohuyo akaanzisha, katika Chuo Kikuu cha Stanford, kile wanachokiita d.school. Huko ndiko zilikotoka hatua tano ambazo kila kijana aliyehudhuria warsha mbili anaweza kukuimbia: vaa viatu vya mtumiaji, tambua tatizo, zalisha mawazo, tengeneza mfano, jaribu. Tim Brown wa IDEO alipoandika makala kuhusu fikra za usanifu katika Harvard Business Review mwaka 2008, zikaenea dunia nzima pamoja na vile vikaratasi vya njano vya kunata.

Mwaka 2010 iHub ilifunguliwa Nairobi, kwenye barabara ya Ngong. Hapa Dar es Salaam Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliwapa vijana wabunifu nafasi katika jengo lake la Kijitonyama, na tukapata neno ambalo mimi nalihusudu: kituo atamizi. Aliyelibuni alimtazama kuku. Kuku anayeatamia hafanyi mengi ya kuonekana. Anakaa, anatoa joto, anayageuza mayai kwa wakati wake. Na mfugaji yeyote atakwambia kwamba katika mayai kumi na mawili yamo viza, na viza likiachwa kiotani mpaka lipasuke, harufu yake wataigawana wote.

Wanaotoa fedha kwa vituo hivi huhesabu vifaranga. Ripoti inataka idadi: vikundi vingapi vimepita, kampuni ngapi zimesajiliwa, vijana wangapi wamepata ajira. Hakuna fomu niliyowahi kujaza yenye kisanduku cha viza yaliyotolewa kiotani mapema. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Kikundi kinapomaliza miezi mitatu nami, huwauliza: mmeacha kutengeneza nini? Wasiokuwa na jibu huwa nimewadhulumu.

Mfano mkubwa kuliko wote tunao mfukoni. Mwaka 2005, Vodafone na Safaricom walipoanza kujaribu huduma ambayo leo ni M-Pesa, hawakuwa wakitafuta namna ya mtu wa Nairobi kumtumia mama yake hela ya unga. Walitaka wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliisimamia, na majaribio yakafanyika Nairobi na Thika kwa wateja mia kadhaa.

Wateja wakaanza utundu wao. Mtu anaweka pesa kwenye simu asubuhi, anapanda matatu, akifika anazitoa, ili njiani asiibiwe. Mfanyabiashara anaigeuza simu kuwa kasha la kulazia mauzo ya siku. Wengine wakatumiana. Upande wa mikopo, mambo yaligoma: Faulu ilikuwa na vikao vyake vya vikundi na vitabu vyake vya mkono, na mfumo mpya ulikuja kuwaongezea hesabu za kulinganisha. Mtu mwenye kiburi cha kutosha angesema wateja hawajaelewa, wafundishwe upya. Hawa wa Vodafone waliukubali utundu. Mwezi Machi 2007 huduma ilipozinduliwa kwa nchi nzima, tangazo lilihusu jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Marejesho ya mikopo, yaliyoizaa kazi yote, yaliwekwa kando.

Kisa hiki nimekihadithia mara nyingi hata mke wangu akinisikia naanza "mwaka 2005" huondoka sebuleni. Lakini vijana wanaposikia M-Pesa husikia ushindi. Nawataka wasikie ile wiki ambayo mtu fulani ofisini alilazimika kukiri kwamba kilichoandikwa kwenye andiko la mradi hakikuwa ndicho watu walichokihitaji.

Sasa, kumfuata mama lishe kutwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzungumza naye, na hapo mwongozo wowote uliotoka California unakukwamisha, kwa sababu ya lugha.

Chukua neno "kwa nini". Vitabu vya ubunifu vinakusihi uulize kwa nini, kisha tena kwa nini, hata mara tano, mpaka ufike kwenye mzizi. Jaribu kumuuliza mama wa miaka hamsini mfululizo wa kwa nini tano. "Kwa nini hununui nyanya nzuri?" "Kwa nini unakopa?" Kwa ya tatu atakuuliza wewe umetumwa na nani. Kwetu "kwa nini" anayeulizwa ni mtoto aliyevunja glasi, au mtuhumiwa. Nilijifunza hilo kwa aibu, siku nilipomshuhudia kijana wangu mmoja akifukuzwa kwenye kibanda cha fundi viatu kwa swali la pili. Tangu hapo neno hilo tumelifungia kabatini. Tunauliza "jana ilikuwaje?" Mtu akianza kukusimulia jana yake, kwa nini zote zinakuja zenyewe, tena na nyingine ambazo hukujua kuziuliza.

Gumu zaidi ni namna tunavyokataa. Mtu muungwana hamwambii mgeni hapana usoni. Kijana anamwonyesha mama kitu alichokitengeneza, mama anasema "kizuri, mwanangu, Mungu akubariki", na kijana anarudi ofisini akiandika kwamba mteja mmoja amethibitisha. Mama hakuthibitisha kitu, amemlea. Mimi hukaa na vikundi vyangu tukatengeneza kamusi. "Nitakutafuta" maana yake hapana. "Tutaona" ni hapana. "Inshallah" ikitamkwa huku mtu anatazama pembeni ni hapana; ikitamkwa huku anakutazama machoni, huenda ni ndiyo. "Ngoja nimuulize mzee nyumbani" inaweza kuwa hapana yenye adabu, inaweza pia kuwa kweli, kwamba simu si yake, na hilo lina madhara yake nitakayoyaeleza. Ndiyo ninayoiamini ni ya shilingi mia tano. Akiifungua khanga akatoa jero, amekubali. Asipoifungua, sifa zote alizokupa ni chai ya kumkarimu mgeni.

Yapo pia mambo ambayo mtu hatayasema hata ukimuuliza kwa adabu zote, kwa sababu hata yeye hayaoni kama ni habari. Shirika la KickStart, lililoanzishwa Kenya mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon kwa jina la ApproTEC, lilikuja kujulikana kwa pampu za kumwagilia za kukanyaga kwa miguu ziitwazo MoneyMaker. Waliozisanifu walijali nguvu ya maji na bei, sawa. Walilazimika pia kujali nyonga. Pampu yenye kanyagio refu humpandisha mwanamke juu, kijiji chote kinamwona, na kila hatua inamchezesha kiuno. Mwanamke mwenye heshima zake haitumii, na mumewe hainunui. Kwa hiyo kanyagio lilishushwa karibu na ardhi na hatua ikafupishwa. Huwezi kuligundua jambo la namna hiyo ukiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, hata ubandike vikaratasi ukuta mzima.

Kuhusu simu isiyo yake. Miaka michache nyuma nililea kikundi kilichotaka kuwapa wakulima wa mboga wa Morogoro taarifa za mbegu na dawa. Walikuja na mawazo manne, nami, kwa haraka na kwa kujiona najua, nikawaambia: achaneni na mengine, tumeni ujumbe mfupi, kila mtu ana simu. Ulikuwa ushauri wa mtu mzima, wakautii. Miezi saba ilipita. Ujumbe ulikwenda, hakuna aliyeuliza, hakuna aliyelipa. Siku tuliyokwenda kukaa shambani ndipo tuligundua kwamba bustani ni za wanawake na simu ni za waume. Ujumbe wa kupulizia dawa asubuhi ulikuwa ukisomwa usiku na mtu asiyeijua hiyo bustani ilipo. Kikundi kilivunjika. Hawakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Tangu siku hiyo, ninapolishika jibu mdomoni hunywa maji.

Na hapa niseme neno kuhusu mashindano, kwa sababu ndiyo yanayowapotezea vijana muda kuliko kitu chochote. Kila baada ya miezi michache pana jukwaa, taa, na dakika tano za kunadi wazo. Kijana mwenye ulimi anashinda hundi kubwa ya kadibodi, anapigwa picha, anakwenda kwenye shindano lingine. Ninawajua waliofikisha shindano la sita na hawajawahi kuuza kitu kwa mtu asiye ndugu yao. Wanajua kuongea na majaji kwa Kiingereza cha hali ya juu. Kukaa kwenye kigoda cha mama lishe hawajui. Sina ugomvi na tuzo yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba jukwaa linampa zawadi mwenye uhakika, na mtu anayejifunza kweli, katika miezi yake ya mwanzo, hana uhakika.

Somo la PlayPump lingefaa libandikwe kwenye mlango wa kila ukumbi wa namna hiyo. Ilikuwa bembea ya kuzunguka iliyounganishwa na pampu ya kisima: watoto wa shule wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Ilitoka Afrika Kusini. Mwaka 2000 ilishinda tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili wengine wakaahidi dola milioni 16.4, na lengo likawekwa la kufunga mashine 4,000 katika nchi za Afrika. Nani angekataa? Kila aliyeiona picha alitabasamu.

Wasichokipiga picha ni kisima siku watoto wakichoka, au wakiwa darasani, au mvua ikinyesha. Maji hayangoji mchezo. Huko Msumbiji akina mama waliachwa wakiisukuma bembea wenyewe, watu wazima, mgongo umepinda, mahali ambapo awali palikuwa na pampu ya mkono ambayo mtu mmoja aliimudu. Mashine moja iligharimu dola 14,000 hivi. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009 kwamba ili malengo ya maji yafikiwe, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Mwaka uliofuata wafadhili walikiri hadharani kwamba mpango haukwenda walivyotarajia. Ninachokitafakari kila ninapokisoma kisa hiki ni zile mashine za mwanzo kabisa. Pangekuwa na mtu mmoja wa kukaa pembeni ya kisima wiki nzima, kimya, akihesabu nani anasukuma na saa ngapi, zingebaki chache.

Wako wanaosema fikra za usanifu zenyewe ni PlayPump nyingine. Mwaka 2017 Natasha Jen, msanifu wa studio ya Pentagram huko New York, alipanda jukwaani akaziponda waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba hatua zile tano hazina mahali pa ukosoaji: vikaratasi vinabandikwa, kila wazo linapigiwa makofi, hakuna anayesema hili baya. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Warsha ya siku mbili yenye chakula cha hotelini huwaacha vijana wakiamini kwamba wamefikiri. Ila jawabu, kwa maoni yangu, si kuzitupa hatua. Fundi cherehani wa Kariakoo naye ana hatua zake: anakupima, anachora kwa chaki, anakata, anashikiza kwa uzi wa muda, unajaribu, anashona. Hakuna anayezilaumu. Tunachomlipia ni lile jicho linaloona kwamba bega lako la kushoto limeshuka kidogo, na ule ujasiri wa kukwambia kwamba kitambaa ulicholeta hakitoshi gauni unalolitaka.

Turudi Buguruni, maana kutwa haikuishia sokoni.

Saa nne asubuhi rosti ilikuwa jikoni na mchele unaoshwa. Mama alimwita binti yake, akamtuma kwenye lango la jengo akamtazame nyapara. Binti alirudi: nyapara hayupo. Mama alisimama mbele ya gunia la mchele na kikombe mkononi muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akachota. Akasita. Akarudisha kidogo. Akachota tena. Kijana wa pili, yule mpole ambaye hadi wakati ule hakuwa amesema lolote, alinitazama, na nikajua ameliona.

"Mama, jana ilikuwaje?" akauliza.

Jana walikuja thelathini, akasema mama, na alikuwa amewapikia hamsini. Juzi kinyume chake: ilikuwa siku ya kumwaga zege. Siku ya zege vibarua wanaletwa wengi, wanafika sabini, na hawatoki saa saba kama siku nyingine, kwa sababu zege halisubiri. Wanakula kwa zamu, wengine saa kumi. Asiyejua anapikia thelathini, wali unaisha saa saba na nusu, arobaini wanakwenda kwa jirani. Anayekisia vibaya upande wa pili anabaki na sufuria ya wali jioni. Atawapa watoto, atawapa majirani, na ule uliobaki kabisa utaliwa na kuku. Deni la nyanya liko palepale. Deni la mchele liko palepale. Na wiki ambayo hilo limetokea mara mbili, ndiyo wiki anayokwenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu.

Bei ya nyanya hakuitaja hata mara moja, tangu alfajiri.

Jioni tulikaa chini ya mwembe karibu na stendi, tukanywa soda. Nilikuwa na la kusema, nikanywa maji. Mwenye laptopu alikasirika kidogo. Alisema miezi minane ya kuandika programu haiwezi kutupwa kwa sababu ya mtu mmoja. Ni hoja ya haki, na nilimwambia hivyo. Tukakubaliana wawafuate mama lishe wengine sita, kila mmoja wawili. Wakawafuata. Nyanya zilitajwa na mmoja. Wali uliobaki ulitajwa na wote, kila mmoja kwa jengo lake, gereji yake, ofisi yake.

Jaribio lao la kwanza halikuwa na simu kabisa. Kwa wiki mbili yule kijana mpole aliamka, akasimama kwenye lango la jengo saa mbili asubuhi, akamuuliza nyapara leo watu wangapi na kama kuna zege, akakimbia hadi kwa mama. Yeye ndiye aliyekuwa mashine. Siku ya nne nyapara alimzoea akaanza kumpa idadi kabla hajasalimia. Siku ya tisa alikosea, akasema arobaini wakaja hamsini na tano, na mama akasema hata hivyo ni afadhali kuliko kukisia. Wiki ya tatu wakaomba jero kwa siku. Mama alicheka, akawaambia wamekuwa wafanyabiashara sasa. Siku mbili hakutoa. Ya tatu alitoa, akaongeza na maandazi.

Swali la nyapara lilitusumbua kidogo. Atume idadi kila asubuhi, yeye anapata nini? Vijana waliandaa mpango wa pointi, na bonasi ya mwisho wa mwezi, na cheo cha mshirika. Mama aliumaliza kwa sentensi moja: sahani yake, nyama mbili.

Sitaki kukipamba kisa hiki. Kikundi hakiko tena kama kilivyokuja. Mwenye laptopu alipata kazi kwenye kampuni moja ya simu, na ni kazi nzuri, akaichukua. Wa tatu alirudi chuoni. Yule mpole anaendelea peke yake, na mama lishe kumi na mmoja, na jero kwa siku kwa kila mmoja, hela ambayo ikitolewa nauli na vocha inabaki ya kula tu. Wafadhili wawili wamemsikiliza wakamwambia ni ndogo mno. Huenda ni ndogo kweli. Mwenyewe anasema akifikisha majengo thelathini atajua kama ni biashara au ni msaada, na kabla ya hapo hataki kuandika msimbo wowote. Fulana zile za mwanzo, zenye nembo ya nyanya, amempa mama, naye anazitumia kushikia sufuria.

Wiki iliyopita nilipita Buguruni kula. Ilikuwa saa tatu kasoro, mapema mno, nikapewa chai. Simu ya mama ililia juu ya meza, ile ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Mikono yake ilikuwa na unga, akamwambia binti asome. Binti akasoma kwa sauti: "68. Zege. Mimi maharage leo, nyama sitaki, tumbo."

Mama akachukua kikombe, akaanza kuchota mchele.